Mtaka cha Mvunguni: Somo la Mapanki wa Uholanzi kwa Wiki Yetu ya Utamaduni

Kuna albamu ya mwaka 2006 ambayo ningependa kila mjumbe wa kamati ya utamaduni ya serikali yetu ya wanafunzi aisikilize kabla hajasaini bajeti ya mwaka huu. Inaitwa Moa Anbessa, maneno ya Kihabeshi yenye maana ya simba mshindi. Kwenye jalada jina la kwanza ni Getatchew Mekuria, mpiga saksafoni wa Addis Ababa, ambaye wakati ule alikuwa ameshavuka miaka 70. Jina la pili ni The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi iliyokuwa imeshakaa jukwaani zaidi ya robo karne. Halafu wanafuata wageni waalikwa. Naomba uutazame vizuri huo mpangilio wa majina, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Najua kwa wengi wetu panki ni mtindo wa nywele. Ukimtajia kinyozi wa getini atakuuliza tu pembeni akupunguze kwa namba ngapi. Lakini panki ninayoisema hapa ni muziki ulioibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: nyimbo fupi, kasi kubwa, magitaa yanayokwaruza, na hasira ya vijana waliochoshwa na ukosefu wa ajira na wanamuziki matajiri waliokuwa wakipiga solo ya dakika kumi huku wamefumba macho. Falsafa yake ilikuwa rahisi kabisa. Huhitaji kusomea muziki. Ukijua kodi tatu za gitaa (za gitaa, si za TRA) na una jambo la kusema, anzisha bendi leo.

The Ex ilizaliwa mwaka 1979 katika mazingira hayo hayo. Ilitokana na harakati za vijana wa Uholanzi waliokuwa wakiingia kwenye majengo yaliyoachwa matupu na kuishi humo, wakihoji kwa nini nyumba zikae bila watu wakati watu hawana nyumba. Inasimuliwa kwamba walipoanza hakuna aliyejua kupiga kitu, wakapiga kura ya vijiti kuamua nani ashike chombo gani. Jina nalo, inasemekana, walilichagua kwa kuwa ni fupi, unaweza kulipuliza ukutani kwa rangi na kukimbia kabla polisi hawajafika. Mwaka 1986, mapinduzi ya Hispania yalipotimiza miaka 50, walitoa kitabu kizima cha picha za mapinduzi hayo pamoja na santuri mbili ndogo. Hawa si watu wa kutafuta hit. Ni watu wa msimamo, na kwa miaka mingi wamejitolea rekodi zao wenyewe bila kumsubiri bosi wa kampuni kubwa awaite ofisini.

Sasa, bendi ya panki ikizeeka inakwenda wapi? Mara nyingi ni njia mbili tu. Njia ya kwanza ni kurudia nyimbo za ujana mpaka mwisho: mtu ana miaka 55, ana wajukuu, bado anavaa koti lile lile la ngozi na kupiga kelele kuhusu walimu wake wa sekondari. Njia ya pili ni kulainika, kuongeza kinanda na waitikiaji, redio wafurahi. The Ex walipita njia ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote mbili. Walikwenda kujifunza kwa watu wanaowazidi.

Hawakuanza na Ethiopia. Mwaka 1991 walitoa albamu na Tom Cora, Mmarekani aliyekuwa akipiga selo, kile chombo kikubwa cha nyuzi kinachokaa katikati ya magoti, na mwaka 1993 wakatoa nyingine naye. Kwenye albamu yao ya Turn ya mwaka 2004 wakapiga wimbo uliotokana na Konono N°1, bendi ya Kinshasa ya mzee Mawangu Mingiedi. Konono walichukua likembe, wakaitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, wakaipitisha kwenye vipaza sauti chakavu, na mkwaruzo uliotokea wakaufanya kuwa ndio mtindo wenyewe. Kwa mtu wa panki ule ulikuwa kama mkutano wa ndugu. Hata hivyo The Ex hawakusema kwamba wamegundua kitu Afrika. Walikipa kipande jina la Konono waziwazi, na lebo iliyo karibu nao ikatoa rekodi ya Konono wenyewe, ili atakayependa nakala aifuate asili.

Turudi kwa mzee wetu. Getatchew Mekuria alizaliwa mwaka 1935. Alianza na vyombo vya nyumbani, krar na masenqo, ndipo akahamia kwenye klarineti na saksafoni. Mwaka 1949, akiwa bado kijana mdogo kabisa, aliingia kwenye bendi ya manispaa ya Addis Ababa. Baadaye akapiga kwenye jumba la maonyesho la Haile Selassie wa Kwanza, kisha kwenye bendi ya polisi. Jambo lililompa jina ni kitu kimoja: alichukua shellela, yaani majigambo ya wapiganaji wa Kihabeshi yaliyokuwa yakiimbwa kabla ya vita, akayatia kwenye saksafoni. Fikiria sauti ya mtu anayejitapa mbele ya adui, anavuta neno, analitetemesha, anakata ghafla na kuanza upya. Sasa iondoe midomo yote hiyo, iweke kwenye bomba la shaba. Jukwaani alivaa joho la shujaa na taji la manyoya ya simba. Wachambuzi wa Ulaya walipokuja kumsikia baadaye walimfananisha na Ornette Coleman na Albert Ayler, majabari wa jazi huru ya Marekani. Mzee alikuwa na chanzo chake mwenyewe nyumbani.

Halafu siasa zikaingia. Mapinduzi ya mwaka 1974 yalileta utawala wa kijeshi wa Derg na amri ya kutotoka nje usiku. Muziki wa Addis ulikuwa muziki wa usiku, wa kumbi na hoteli. Ukifunga usiku umefunga bendi. Wanamuziki wengi walikwenda uhamishoni, na kadiri miaka ilivyopita kinanda kimoja cha umeme kikachukua nafasi ya watu sita wenye matarumbeta. Kazi za zamani zilikuja kusambaa tena nje ya nchi kupitia mfululizo wa rekodi uitwao Éthiopiques, ulioandaliwa na Mfaransa Francis Falceto, na toleo la 14 likawa la Getatchew peke yake.

The Ex walikuwa wameshafanya ziara Ethiopia mwaka 2002. Mwaka 2004 walipotimiza miaka 25 walimwalika mzee Amsterdam kwenye sherehe zao, akapiga huko na kundi la jazi la Uholanzi. Sasa sikiliza hapa. Baada ya kuwasikia The Ex, ni yeye mzee aliyewaomba wawe bendi yake. Hakuwa mgeni wa kupamba wimbo wao. Alitafuta watu wa kumpigia, akaona hawa mapanki wenye magitaa yanayopiga kelele ndio wanaofaa, kwa sababu shellela ni muziki wa vita, na vita haipigiwi kinanda cha hoteli.

Na wao wakakubali. Hebu fikiria bendi yenye miaka 25, yenye jina lake, yenye mashabiki wanaojua kila wimbo, inakubali kuweka nyimbo zake pembeni na kujifunza nyimbo za mzee mmoja. Haikuwa kazi ndogo. Nyimbo nyingi za Kihabeshi zinatembea kwa mapigo matatu matatu, kama chakacha yetu ya Mombasa, wakati panki imezoea kutembea moja-mbili-moja-mbili kama askari. Ngazi zake za sauti ni za noti tano, tizita, bati, ambassel na anchihoye, na kila moja ina hisia yake. Ukikosea noti moja tu umetoka kwenye huzuni ya tizita na kuingia kitu kingine kabisa.

Matokeo yake ndiyo hiyo Moa Anbessa. Katherina Bornefeld, mpiga dramu wao tangu mwaka 1984, anapiga kama mtu anayecheza ngoma tatu kwa pamoja, hakimbilii popote. Magitaa ya Terrie na Andy Moor hayapigi kodi tamu za kumbembeleza msikilizaji. Yanakwaruza, yanagongana, yanaacha nafasi, halafu yanarudi kwa pamoja kama watu wanaoitikia. Juu yao kuna tromboni, klarineti na saksafoni ya pili zinazotembea bega kwa bega na mzee. Na juu ya wote yuko mzee mwenyewe, sauti pana, inayotetemeka, haombi ruhusa. Musicawi Silt, wimbo ambao bendi za Addis zilikuwa zikiupiga tangu miaka ya 1970, unasikika humu kama umeamshwa kutoka usingizini kwa maji ya baridi. Hakuna aliyejilainisha ili kumpisha mwenzake. Panki imebaki panki na shellela imebaki shellela, ila moja imekubali kukaa chini ya nyingine.

Wazee wetu walishasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. The Ex waliinama, wakapata. Wakazunguka Ulaya na mzee, mwaka 2008 wakapiga naye New York, mwaka 2012 wakatoa albamu ya pili, na mzee akafariki Aprili 2016 akiwa na miaka 81. Wao bado wapo. Mwimbaji wao wa tangu mwanzo aliondoka mwaka 2009, akaingia Arnold de Boer, ambaye lebo yake imetoa kazi za King Ayisoba wa Ghana na kile chombo chake cha nyuzi mbili, kologo. Mwaka 2025 wametoa albamu nyingine, If Your Mirror Breaks. Bendi ya mwaka 1979, bwana, na bado inasikika kama watu wanaotafuta kitu.

Hapa najua kuna mtu wa mwaka wa tatu, pengine wa sosholojia, ameshanyoosha mkono. Anasema: ndugu mwandishi, hii si hadithi ile ile ya wazungu kuja Afrika, kuchukua muziki, na kurudi kwao kuitwa wabunifu? Swali ni halali, tena ningekushangaa usingeuliza. Historia ya muziki wa dunia imejaa wizi wa namna hiyo, na wizi mwingi ulifanywa kwa tabasamu na picha ya pamoja. Ndiyo maana sisemi tuwashangilie kwa kuwa ni wazungu walioipenda Ethiopia. Kupenda si kitu, hata mtalii anapenda. Nasema tuangalie mambo yanayoonekana kwa macho. Jina la nani limetangulia? Nyimbo ni za nani? Jukwaani ni nani anatoa ishara ya kuanza na kusimama? Kwenye albamu hii majibu yote yanaelekea upande mmoja, kwa mzee. Ungebadilisha hata jibu moja tu, ukaweka The Ex mbele na mzee nyuma kwa dakika mbili za kupamba, muziki ungeweza kubaki mzuri na bado ungekuwa umemdhulumu.

Mtu wa pili aliyenyoosha mkono yuko upande mwingine kabisa. Huyu anasema mila isichanganywe, muziki wa asili ubaki wa asili. Huyu ndugu namheshimu, lakini namwomba aniambie asili inaanzia wapi. Saksafoni aliibuni Mbelgiji, Adolphe Sax, katika karne ya 19. Matarumbeta ya kisasa yalishika mizizi Addis Ababa kwa sababu, miongoni mwa mengine, mwaka 1924 Ras Tafari aliwaleta yatima 40 wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu wawe bendi ya kifalme, na kiongozi wao Kevork Nalbandian akawa mwalimu wa muziki wa nchi ile. Kwa hiyo shellela ya saksafoni, hiyo tunayoiita asili kabisa, tayari ilikuwa imechanganywa kabla hata hao mapanki hawajazaliwa.

Na kwetu je? Taarabu ya Zanzibar inasimuliwa kuwa ilipata msukumo wake katika kasri la Sultani Barghash, kwa vyombo na mafunzo kutoka Misri. Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na leo nani atathubutu kusema Siti si wetu? Beni ya pwani ilichukua magwaride na matarumbeta ya jeshi la mkoloni ikayafanya mashindano ya mitaa. Mchiriku wa Dar es Salaam uliweka kinanda kidogo cha Casio na spika zinazokoroma katikati ya ngoma za Wazaramo. Jagwa Music walipotoa Bongo Hotheads mwaka 2012, albamu hiyo ilitoka kwenye lebo ile ile ya Ubelgiji iliyowatoa Konono, Crammed Discs. Mimi nikisikia ule mkwaruzo wa mchiriku, ile kasi, ule ubishi wa kutumia kilichopo bila kusubiri vyombo vya bei mbaya, sioni tofauti kubwa na wale vijana wa Uholanzi waliopiga kura ya vijiti. Na singeli imetoka humo humo uswahilini, ikaongeza mwendo.

Kwa hiyo kumiksi si dhambi wala si sifa. Kila muziki uliwahi kuwa miksi ya kitu. Jambo la kubishania ni namna ya kumiksi, na hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na kamati yetu.

Tuseme ukweli kuhusu wiki ya utamaduni ilivyo hapa chuoni. Kikundi cha ngoma kinaitwa saa nne asubuhi. Kinakaa juani mpaka mgeni rasmi afike saa saba. Kinampokea mgeni rasmi kwa dakika tano, anapiga makofi, anatunza noti mbili tatu kwa ajili ya picha, anakaa. Baada ya hapo ngoma zinawekwa nyuma ya turubai, na kuanzia saa moja usiku jukwaa linakuwa la msanii kutoka mjini aliyelipwa fedha ambayo ingetosha kununua vyombo vya kikundi kizima. Msanii anaimba kwa CD. Katikati ya wimbo wa tatu mtu wa matangazo anasema "na sasa tunamiksi na utamaduni wetu," mpiga ngoma mmoja anasukumwa jukwaani, anapiga juu ya biti ambayo haimsikii wala yeye haisikii vizuri, dakika mbili, asante, shuka. Kesho yake kwenye ripoti ya kamati tunasoma kwamba utamaduni ulienziwa.

Mzee anayekifundisha kikundi hicho si mwajiriwa. Anakuja kwa daladala mbili. Anapewa kitu kinachoandikwa kwenye vocha kama "nauli", na mwaka jana hata hiyo nauli ilichelewa mpaka tukafika wiki ya mitihani. Sitamtaja jina kwa sababu hajaniomba nimsemee. Ila nimekaa kwenye mazoezi yake na ninachoweza kusema ni hiki: mle kuna mapigo ambayo hakuna mtu mwingine hapa chuoni anayeyajua, na wanaojifunza kwake mwaka huu ni wanafunzi saba tu. Wanne kati yao wanahitimu mwaka huu.

Hesabu hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Bumu likichelewa tunaandamana, na ni haki yetu. Lakini mapigo yakiondoka na mtu, hakuna maandamano yatakayoyarudisha. Addis Ababa walikuwa na bahati kwamba kulikuwa na santuri za zamani, kulikuwa na mtu wa kuzikusanya, na kulikuwa na mzee aliyeishi muda mrefu wa kutosha kuchagua bendi yake ya mwisho. Sisi tunajidai kwamba tuna muda.

Pendekezo langu ni dogo, na linatekelezeka ndani ya bajeti ile ile. Chuo hiki kina bendi ya wanafunzi. Ina gitaa mbili, besi, dramu na kinanda, na vijana wake wanajua kazi, wanapiga kila Ijumaa pale kafteria na watu wanasahau kula. Ina pia vijana wa hip hop wenye maneno makali kuliko wengi wanaosikika redioni. Mwaka huu bendi hiyo iwe bendi ya mzee. Si mzee awe mgeni wao. Wao wawe wake. Wiki sita kabla ya sherehe waanze mazoezi, mara mbili kwa wiki, yeye achague nyimbo, yeye awaambie lini gitaa linyamaze. Mpiga dramu akae chini ajifunze mkono kabla hajashika fimbo zake. Vijana wa hip hop wasikilize majigambo yanavyotungwa kwa lugha ya mzee, ndipo waandike ya kwao. Usiku wa kilele wapande saa mbili, jukwaa likiwa limejaa, siyo saa nne asubuhi. Jina la mzee litangulie kwenye bango. Na alipwe kwa vocha iliyoandikwa "malipo ya msanii", siku ile ile, kama anavyolipwa yule wa mjini. Kila zoezi lirekodiwe. Wenzetu wa shule ya habari wana kamera na wanatafuta kazi za vitendo kila muhula.

Nimeshawasikia wanaosema wanafunzi hawatakuja bila staa. Huenda wachache watabaki hosteli. Lakini tusijidanganye kwamba staa wa CD anatupa furaha ambayo hatuwezi kuipata kwingine, nyimbo zake zote ziko kwenye simu zetu, tena bila yeye kuchelewa masaa matatu. Kitu ambacho hakipo kwenye simu ni kumwona rafiki yako wa chumba namba nane, yule anayekukopesha unga, akipigiana na mtu wa miaka sabini kitu ambacho hakijawahi kupigwa mahali popote. Hao mapanki hawakuwapoteza mashabiki wao kwa kumfuata mzee. Waliwaburuza wakaenda nao.

Wapo pia watakaosema vijana wa bendi watakataa, kwamba wana nyimbo zao na wanataka kuzitangaza. Hapa nawajibu kama mwenzao. Nyimbo zenu haziendi popote. The Ex walikuwa na miaka 25 ya nyimbo zao walipoziweka pembeni, na walipozirudia baadaye walikuwa wanamuziki wakubwa zaidi. Wiki sita za kuwa nyuma ya mtu anayejua hazitawapunguzia kitu. Falsafa ya panki ilisema huhitaji ruhusa ya mtu kuanza kupiga. Ni kweli. Lakini wale walioishi na falsafa hiyo mpaka wakaota mvi walikuja kuongeza jambo moja, kwamba kuanza bila ruhusa si sawa na kuendelea bila mwalimu.

Kamati inakutana Jumatano ijayo na mkutano uko wazi kwa mwanafunzi yeyote mwenye kitambulisho. Ajenda ya nne ni bajeti ya wasanii. Ukiweza, njoo. Ukishindwa, walau ingia YouTube usiku wa leo, tafuta Getatchew Mekuria na The Ex, weka spika si earphone, na utazame wale watu wazima wenye magitaa wanavyomwangalia mzee wakisubiri awape ishara.